Mnong'onezaji wa Don Leandro

Kazi yangu ni kunong'ona. Msicheke. Miaka thelathini na moja nimekaa chini ya jukwaa, kwenye kishimo chenye kifuniko, nikimnong'oneza Don Leandro kabla hajafungua mdomo. Si pale aliposahau tu, la! Kila mstari, mwanzo hadi mwisho. Sisi wa zamani tulifanya hivyo, na waigizaji wakubwa hawakuona haya.

Basi mwaka wa themanini na sita wakaamua kuifanya filamu ile tamthilia ya mashairi ambayo watoto wote wa Hispania huikariri shuleni huku wakiilaani. Don Leandro akasema haendi Cáceres, mji ambako picha zingepigwa, bila Visi. Visi ndiye mimi. Mzee alikuwa na miaka sabini na minne, na kichwa chake kilishaanza kuvuja maneno. Siri hiyo tuliijua wawili tu.

Filamu yenyewe ilikuwa na mkosi. Mvua wiki mbili mfululizo, kisha mwigizaji aliyecheza binti wa Don Leandro akavunjika mguu kwenye ngazi za mawe, akaletwa mwingine. Mwenye filamu akapiga simu kutoka Madrid: mzee akibabaika mbele ya kamera, nafasi yake anapewa mtu mwingine. Na Don Leandro hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na kazi yake. Na mimi, ukipenda kunihesabu.

Huko hakukuwa na kishimo, basi nikajibanza nyuma ya nguzo, nikanong'ona kama kawaida. Alitiririka, we acha tu! Mwongozaji wetu, kijana Íñigo, nusura alie kwa furaha.

Siku ya nne Begoña, msichana wa kunasa sauti, akavua vile vidude vya masikioni.

"Jamani, kuna mama ananong'ona humu! Kila picha, kila mstari!"

Wote wakanigeukia.

"Kwani sauti si mtaitia baadaye, studio?" nikauliza. "Filamu zote nilizofanya mimi, mbuzi wanalia, mwongozaji anatukana, na hakuna anayejali. Sauti inatiwa Madrid."

"Bibi wewe, hizo za enzi za mababu! Siku hizi sauti ni hii hii tunayonasa hapa."

Mungu wangu. Siku nne za kazi nilizimwaga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Íñigo hakunifokea. Alinivuta pembeni. "Bi Visi, za nyuma tutazirudia. Lakini leo ni maneno ya mwisho, na mwenye filamu amekuja mwenyewe kutazama. Akikusikia tu, mzee kwisha kazi. Nakuomba unyamaze. Na usimwambie, atababaika."

"Akisahau je?"

"Tumwombee."

Nikakubali. Ndiyo, mimi, nikakubali.

Katika tamthilia, mzee anasimama mbele ya maiti ya bintiye na kusema mistari kumi na miwili. Mitatu aliisema vizuri. Akakwama. Macho yakaja kwenye nguzo. Mstari wa nne nilikuwa nao mdomoni, nikauma kidole ili usitoke. Akangoja. Maisha yake yote hakuwahi kungoja vile. Uso wake ukawa wa mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni, kisha machozi yakamtoka, ya kweli. Akainama, akambusu binti kwenye paji la uso, akaondoka bila ile mistari tisa.

"Kata!"

Mwenye filamu akapiga makofi. "Kile kimya! Mmeona kile kimya? Huyu mzee ni fundi, asiguswe na mtu!"

Wakamkumbatia, wakampongeza. Nilipopata nafasi nikampelekea koti na kahawa yake ya maziwa.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwepo, Leandro."

"Nyuma ya nguzo?"

"Nyuma ya nguzo."

"Nilidhani umekufa," akasema. "Yale machozi nilikuwa nakulilia wewe."

Nikalikunjua koti nimvike.

"Kumbe uko hai, na ulinyamaza."

Akalivaa koti mwenyewe, akaenda kula na wageni wa Madrid. Hakunikaribisha.