Mikono ya Diwani

Diwani alikuwa hawezi kusema neno bila mikono. Hata chumvi mezani aliiomba kwa mikono yote miwili, na mwalimu wa muziki, aliyeolewa na mdogo wake, alikwishazoea kusogeza glasi mbali kila shemeji huyo alipokuja kula kwao. Asubuhi ile, hata hivyo, hakuwa na hamu ya kumcheka. Diwani alikuwa anakuja shuleni kuwatangazia wazazi kwamba somo la muziki linafutwa, na chumba chake kinageuzwa ofisi ya kamati. Kamati gani, hakuna aliyejua. Diwani mwenyewe alisema jina litatafutwa baadaye.

Mwalimu alikuwa amekwenda kumsihi nyumbani kwake. Akajibiwa, mdomo ukiwa umejaa chakula, kwamba muziki haujawahi kujenga daraja. Ulimi ulimwasha amuulize yeye amejenga lipi, akajizuia kwa heshima ya ushemeji. Aliporudi alilia jikoni, kisha akamwambia mumewe kwamba kaka yake ni kichwa maji. Mume alikubali bila kuinua macho kwenye sahani.

Basi ukumbi ukajaa. Mwalimu mkuu, mtu anayeogopa hata kivuli chake, aliagiza kwaya iimbe wimbo mmoja wa kukaribisha wageni kisha inyamaze kimya. Ikaimba, ikanyamaza. Diwani akainuka kuhutubia, lakini Mungu hakumjalia urefu, na meza ilimficha mpaka kifuani. Akatupa macho huku na huku, akaliona kasha la mbao ambalo mwalimu wa muziki husimama juu yake mbele ya kwaya. Akalipanda, akawapa watoto mgongo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Muhula uliopita mwalimu aliugua, na kwaya ikaongozwa na yeyote aliyepatikana: mlinzi, mpishi, hata fundi aliyekuja kuziba bomba. Ndiyo maana aliwafundisha watoto wasimjali mtu, waitazame mikono. Aliye juu ya kasha ndiye kiongozi.

"Ndugu wazazi," alianza diwani, akainua mikono.

Kwaya ikalipuka nyuma yake. Akashtuka, akakunja ngumi, na papo hapo ukumbi ukawa kimya. Alidhani ni heshima, akatabasamu, akaendelea kwamba amekuja kwa jambo zito linalohusu muziki, na alipofika kwenye uzito akaipanua mikono. Sauti zote zikaingia kwa pamoja. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akaanza kutokwa jasho, akimkonyeza mwalimu wa muziki afanye kitu. Mwalimu alijua anapaswa kwenda kuwanyamazisha. Miguu yake ilikataa, na ukweli ni kwamba hakuibembeleza.

Mwishowe diwani aligundua ujanja, akaitia mikono mifukoni. Lo, maneno nayo yakaondoka! Akafungua kinywa, akakifunga. Mikono ilihangaika mle mifukoni kama kuku ndani ya kikapu, mpaka mzazi mmoja akauliza kama mheshimiwa anaumwa. Ikachomoka yenyewe, na kwaya ikaanza ubeti wa pili.

Diwani akageuka kuwatazama. Akainua mkono wa kulia kidogo, sauti zikapanda. Akaushusha, zikashuka. Kule barazani alikuwa amehutubia miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewahi hata kumsogezea maji, na hapa watoto wote hawa walimfuata kidole. Uso wake ukalainika. Akaongoza wimbo mzima, ulimi nje, akaurudia tena na tena, kisha akakunja ngumi.

Wazazi walisimama kushangilia. Diwani aliteremka ameloa jasho, tangazo amelisahau kabisa, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa muziki na kumwinamia sikioni.

"Shemeji, na nikitaka waimbe kwa sauti ya chini, mkono unakwendaje?"

Mwalimu alimtazama. Bado alikuwa na hasira naye, lakini alikuwa anajizuia asicheke.

"Hilo ni somo la wiki ijayo, shemeji," akasema. "Kama litakuwepo."

Diwani aliitazama mikono yake. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, akamuuliza chumba cha muziki hufunguliwa saa ngapi.