Gauni Nililokata bila Kupima

Mimi na wifi yangu tunashona chumba kimoja, cherehani yake iko dirishani, yangu mlangoni. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kutunga uzi, lakini wateja wakiingia wananiruka kama kizingiti. Wanamtaka yeye. Na wala hanishindi kushona, hata kidogo! Anampima mtu nusu saa nzima, futi shingoni, anasikiliza habari za talaka na za wakwe: "Enhe, ikawaje?" Mimi namtazama mtu mara moja tu, nakata. Wivu? Ndiyo, ninao, tena mwingi.

Nilivumilia mpaka binti yangu alipochumbiwa. Mwanangu wa kumzaa, eti gauni la harusi anataka ashonewe na shangazi yake.

"Shangazi? Kwani mimi mama yako nimekufa?"

"Mama, nisikilize kwanza, kuna kitu..."

"Hakuna cha kitu! Gauni nashona mimi."

Kesho yake akajaribu tena, nimeshatandaza kitambaa mezani. Nikamwambia asinibabaishe, mkasi uko mkononi. Hata kumpima sikumpima. Mwili ule nimeuogesha mwenyewe, nitaupimia nini?

Wiki moja kabla ya harusi nikamvisha, makusudi, wifi akiwa palepale, aone. Zipu ikafika kiunoni, ikagoma. Nikavuta. "Bana tumbo," nikamwambia. Mshono wa ubavuni ukafumuka kraa! Binti akashika tumbo kwa mikono miwili, akaangua kilio.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamgeukia wifi. Hakushtuka hata chembe.

"Ulikuwa unajua?"

"Huu mwezi wa pili tangu aniambie," akasema polepole. "Kila siku namwambia akwambie, wifi. Anasema akianza tu, unamkatiza."

Nilitaka kumrukia. Mjukuu wangu, ajulikane kwake kwanza! Roho iliniuma, jamani, nusura nilie na mimi. Nikafungua mdomo nimpe maneno yake, nikaufunga. Nikasogeza vipande vya kitambaa, nikakaa sakafuni, miguuni pa mwanangu.

"Haya mama, niambie. Sikukatizi."

Akakaa kimya. Na mimi nikakaa kimya, Mungu ndiye anajua nilivyojikaza. Kisha akainua macho, akamtazama shangazi yake. Mpaka yule alipomwitikia kwa kichwa, ndipo mwanangu akaanza kunieleza.