Bati la Angani

Baba alikuwa ameshafunga kamba za kiatu kimoja alipokivua tena, akakisukuma chini ya kitanda na kusema haendi hospitali. Gari lilikuwa likitungoja nje. Nikamwuliza, haendi leo au haendi kabisa? Akasema kabisa. Amechoka kudungwa mkono kama gunia linalochunguzwa mchele, na mtu anayeishi kwa kuchomekwa ukutani hana tofauti na friji. Hilo la friji lilimtoka kwa uchungu, kwa sababu mafriji ndiyo yaliyotulea.

Alikuwa fundi friji maisha yake yote, na mtaani walimwita Bwana Sayari. Huku akijaza gesi alitunga: miji iliyochimbwa ndani ya mwezi, majini walioajiriwa kuendesha vyombo vya angani, roboti aliyeogopa radi. Mteja alileta friji bovu akaondoka na beti kichwani, na wengine walirudi na majibu, maana karakana ile ilikuwa na mila yake: shairi hujibiwa. Anayenyamaza ameshindwa. Baba hakuwahi kunyamaza. Hata jirani aliyemletea upuuzi wa kuku aliyetaga kwenye sayari ya Zuhura alijibiwa, tena kwa heshima zote.

Figo zilipokufa, ushairi nao ukakauka. Siku za zamu yake hospitalini alilala kando ya mashine ya kusafisha damu akiangalia dari. Sasa hata hilo hakulitaka. Nilimbembeleza, nikalia, nikamkasirikia. Mama alishatangulia, huyu ndiye mzazi niliyebaki naye, naye ananiaga kama abiria anayeshuka kituoni. Mwishowe alikubali kwenda mara hiyo tu, ili ninyamaze.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ushairi ulinipitia kando. Lakini baba yangu nilimjua. Kwenye benchi la hospitali nikahesabu mizani kwa vidole, nikaandika ubeti mmoja, nikamwomba muuguzi aubandike kwenye mashine nikiwa nimetoka kununua maji:

Abiria wa sayari,
umejaa tu kiburi,
tungo zako si hodari,
mimi chuma nakushinda.

Niliporudi, mzee alikuwa ameketi wima. Aliuliza nani kaandika takataka hii. Muuguzi, bila hata kutabasamu, akamwambia mashine hiyo ina mdomo sana, na wagonjwa wengine wameshalalamika. Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia chupa ya maji. Kabla damu haijamaliza kuzunguka alikuwa na jibu, ila alikataa kulitoa. Adui hajibiwi kwa pupa, alisema. Atalileta zamu ijayo.

Akalileta, akaisomea mashine kwa sauti:

Wewe bati la angani,
huna damu mishipani,
yangu yapita tumboni,
bila mimi ungeganda.

Wodi nzima ilicheka. Kuanzia hapo vita haikukoma. Abiria mzee na chombo chake cha bati wakawa wanapita nyota moja baada ya nyingine, na kila walikotua waligombana: nani kapoteza njia, nani anakoroma, nani atazikwa na nani. Kadiri nilivyomtukana ndivyo alivyochangamka. Nilisahihisha mitihani ya watoto wa watu huku nikitafuta vina, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Sijui ni lini alitambua kwamba chuma kile ni mimi. Pengine tangu ile chupa ya maji. Hatukuwahi kulisema.

Halafu moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari alituita wote wawili, akatueleza kwa upole kwamba mashine sasa inamchosha kuliko inavyomsaidia, na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe. Baba akamjibu kwamba ana deni la shairi la mtu. Akaendelea kuja, kila mara mwepesi zaidi mkononi mwangu.

Siku moja aliusoma ubeti wangu mpya muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vikigonga mizani juu ya shuka. Vikasimama.

"Mwanangu," akasema, "huu siujibu."

"Si lazima iwe leo, baba. Utaujibu zamu ijayo."

"Jibu ninalo. Nimeamua kunyamaza."

Mkobani nilikuwa na ubeti mwingine, mkali kuliko yote, niliouweka akiba kwa siku kama hiyo. Ungemrudisha. Nilijua mahali pa kumchoma, na baba yangu asingevumilia kunyamaza. Mkono wangu ulifika kwenye zipu, ukabaki hapo.

"Niache nishindwe," akasema. "Mara moja tu. Na unajua, pale karakana mshindi alikuwa anamsindikiza mwenzake hadi nyumbani, wasiachane na kinyongo."

Muuguzi akachomoa sindano, akakandamiza pamba. Nikachukua koti lake, nikampa bega. Njia nzima alinishika mkono bila kusema kitu, na mimi, mshindi, nililia hadi mlangoni.