Farasi wa Luhanji

Siku ile nilirudi kutoka kwenye mkutano wa kijiji na hasira tele, nikauacha ugali mezani. Juu ya uwanda wetu wa Luhanji, kwenye nyasi za umma ambazo hazina mwenyewe, wanaishi farasi walioachwa na walowezi zamani za babu zetu. Wamezaliana, wamekuwa wa porini, na hawajawahi kumwomba mtu hata pumba. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwasomola, alisimama akatangaza kwamba kesho wataondolewa, kwa kuwa wanaharibu mazingira. Nilipinga peke yangu. Akacheka, akauliza, "Atuganile, kwani wewe umeolewa na farasi?" Ukumbi mzima ukatazama sakafu. Nikafika nyumbani, nikajitupa kitandani jua halijazama, na usingizi ukanichukua pamoja na uchungu wangu.

Nikajiona natembea katika nchi ngeni, ardhi yake imekwanguliwa kama sufuria la wenye njaa. Mama mmoja mwenye miguu ya vumbi na macho yasiyopepesa akanishika mkono. "Naitwa Insafu, yaani uadilifu," akasema. "Huku sialikwi, lakini njia nazijua. Tazama kwanza, usiharakishe kulia." Tukafika kwenye zizi la miiba ambamo farasi walikuwa wakisukumwa, mbavu zikigongana na mbavu. Langoni alisimama Unafiki, nadhifu kama bwana harusi. Kwa kila farasi aliyeingia alidondosha chozi, kisha akalifuta kwa mkia wa farasi huyohuyo. "Nawapenda mno," akaniambia huku akipenga kamasi, "ndiyo maana nawaondoa." Kando yake Ujuaji, amevaa miwani isiyo na vioo, alikuwa akiueleza upepo kwamba kwato za farasi ndizo huleta ukame. Na nyuma yao aliyeng'oa nyasi zote alikuwa bado anatafuna mbele ya macho yetu: Tamaa, mnono kama kupe, majani yakimning'inia midomoni. "Farasi wanamaliza malisho!" akapiga kelele, makombo yakiruka.

Nikamgeukia Insafu. "Mama, huyu nani atamweza?" Insafu akacheka, kicheko kifupi cha dharau. "Mtazame vizuri, mwanangu. Yule ni tumbo tu, na tumbo halitembei. Inama uone lililo chini yake." Nikainama. Tamaa hakuwa na miguu hata kidogo. Alikuwa amekaa mabegani mwa mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye uso mwema kama wa jirani, jasho likimtiririka. Jina lake Kimya.

"Kaka, mbona unambeba huyu?"

"Sijui," akajibu taratibu. "Nilimkuta mabegani. Nikadhani wengine ndio wanataka abebwe."

"Nani amesema?"

Akafikiri sana. "Hakuna aliyesema."

"Basi mshushe!"

Kimya akatikisa mabega kama mtu anayetua mzigo wa kuni, na Tamaa akaporomoka kwa kishindo cha gunia la samadi, akagaagaa akimwita Unafiki amwinue. Lakini Unafiki alikwisha kwenda kutafuta bwana mwingine. Insafu akanigeukia. "Hasira yako ni halali," akasema, "ila ukilala nayo itachacha. Amka."

Nikaamka, na maana ikanijia kabla sijakaa sawasawa: ukumbi ule haukumkubali Mwasomola, ulimbeba tu. Nikajifunga kanga, nikaenda kwa jirani yangu Mama Tusa, ambaye mkutanoni alikaa ubavuni mwangu bila kufungua mdomo.

"Dada, kwani wewe unataka farasi waondolewe?"

"Mimi? Thubutu! Nilidhani ni wewe na mimi tu."

Tukabisha hodi mlango wa pili, na uliofuata, na kila nyumba jibu likawa hilohilo, kwa aibu ileile.

Asubuhi malori ya kuwachukua farasi yalipopanda kuja uwandani yakakuta barabara imejaa watu. Mwasomola akafoka, akatutaja kwa majina, akatutishia polisi. Na alipoona hatusogei akaropoka kwamba tunamkimbiza mwekezaji wa hoteli, hoteli ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Dereva wa lori la mbele akazima injini, akashuka, akauliza kama kuna chai. Baadaye malori yakageuza na kuondoka matupu, na mwenyekiti alikuwa bado anahutubia. Farasi jike wa kijivu akateremka na mwanawe kwenda mtoni, akakata katikati yetu, akampita Mwasomola karibu kabisa, wala hakugeuza shingo.