Jembe Chini ya Mgogwe

Wifi yake alikuwa na chuki isiyokwenda likizo. Ndivyo fundi cherehani alivyomsema dada wa mumewe, na tusimlaumu haraka, maana kuishi miaka minne na mtu anayekuitikia salamu kwa pua si mchezo. Naye fundi hakuwa malaika. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na mama mkwe, mwenye nyumba, alikuwa amechoka kuwaamua.

Safari hii waligombea uwanja wa nyuma ya jiko. Wifi alitaka banda la kuku. Fundi alikuwa ameshapanda pale mgogwe, mti wa matunda kama nyanya, na kuuegemeza kwa nguzo tatu, kwa sababu mgogwe una majani mapana na mizizi ya juujuu. Upepo kidogo tu, uko chini.

"Nikila gogwe moja lililoivia mtini, uwanja wako," mama mkwe alimwambia fundi. "Mvua zikianza sijala, kuku waingie."

"Huo utazaa kuni," wifi alisema.

Ukazaa magogwe kumi na moja. Yalipoanza kuwa mekundu, fundi aliyapitia kila asubuhi kabla ya kwenda kushona, akiyagusa moja moja. Alitaka ule uwanja kuliko alivyotaka kupendwa mle ndani.

Jumamosi alirudi saa nane mchana, akakuta udongo umepinduliwa kulizunguka shina lote. Mizizi imekatwa, imelala juani. Majani yamelegea kama nguo mbichi kwenye kamba. Wifi alikuwa kando, anapangusa jembe.

"Nimekupalilia," alisema, bila kumtazama.

"Wewe? Unipalilie mimi? Tangu lini?"

"Shina lilikuwa limejaa magugu. Nikalima kama tunavyolima mahindi."

"Mgogwe haulimwi chini, magugu yake yanang'olewa kwa mkono! Umeuua makusudi."

"Ningejuaje?"

"Ungejulia wapi," fundi alisema. "Usiyezaa utakijuaje kinachozaa?"

Wifi alikuwa amepoteza mimba tatu, na ndiyo sababu aliyekuwa mumewe alimrudisha kwao. Nyumba nzima ilijua, na hata katika ugomvi mbaya kabisa hakuna aliyewahi kuligusa jambo hilo. Akalaza jembe chini taratibu, akaingia ndani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Fundi alimwona, lakini hasira ilikuwa bado haijamshuka. Akachuma gogwe lililoiva kuliko yote, akalikata katikati, akampelekea na kijiko.

"Hili limeivia mtini, mama. Kula."

Mama mkwe alikula nusu ya kwanza, akala na ya pili, akabakiza ganda lenye uchungu.

"Tamu," alisema. "Uwanja ni wako."

"Ahsante, mama."

"Yeye nilimtuma mimi. Nilimwambia, mmoja wenu lazima aanze, anza wewe. Akaniuliza mara mbili kama utafurahi."

Ndani, sanduku lilikuwa likiburutwa kutoka uvunguni. Fundi alijua cha kusema, wala hakikuwa kirefu. Ni samahani tu, neno analowaambia wateja kila siku akichelewesha nguo zao. Alisimama palepale mpaka akasikia geti likifungwa kwa nje.