Futi Nne za Kathambi

Jumapili moja baada ya sala, Ciakuthii aliwaita bintiye Teresia na mke wa mwanawe Kathambi. Akawaketisha karibu na meko, akawaambia kwamba kuanzia kesho yake mmoja wao hatakwenda kwenye handaki.

"Atabaki nyumbani na watoto kutwa nzima," alisema. "Wawili wengine watachimba sehemu ya watatu."

Teresia alidhani msiba umemvuruga mama yake. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Watu wa miteremko ya juu ya Embu walikuwa wameondolewa mashambani mwao kwa nguvu, wakasongamanishwa katika kijiji kilichozungushiwa ua wa miti iliyochongwa ncha, na mnara wa homugadi, walinzi wenyeji wa serikali ya kikoloni, langoni. Kila asubuhi filimbi ilipolia, kila mwanamke mzima alibeba jembe lake kwenda kuchimba handaki la kuutenga msitu, walimojificha wapiganaji, na mashamba. Kila mmoja alipimiwa futi nne. Wanaume walikuwa wa kuhesabika. Kivuti, kakake Teresia na mume wa Kathambi, alikuwa kizuizini. Mume wa Teresia alipigwa risasi mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari. Aliyempiga hakujulikana, na kuuliza kulikuwa hatari kuliko kunyamaza.

Watoto waliachwa kijijini peke yao. Mwenye mtoto mdogo alimtia ndani na kuufunga mlango kwa kamba kutoka nje, asije akapotea. Ndivyo Teresia alivyomwacha Njagi, mwanawe wa miaka miwili, aliyekuwa na surua. Aliomba siku moja tu ya kumuuguza, akanyimwa. Aliporudi jioni alimkuta amelala kifudifudi nyuma ya mlango, kucha zimechubuka kwa kuukwaruza, mwili umeshapoa. Dada yake Cicily, wa miaka mitano, alikuwa ameketi kando yake akimfukuzia nzi.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu hapo.

"Nani atabaki?" Teresia aliuliza.

"Kathambi. Koome bado ananyonya."

Kathambi, mzaliwa wa Meru aliyeolewa Embu miaka sita nyuma, alimtazama mtoto wake wa miezi mitano kifuani, akatikisa kichwa. "Mama, wewe una mvi. Huwezi futi sita kwa siku."

"Mvi hazishiki jembe," Ciakuthii alijibu. "Mikono ndiyo inayoshika."

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Muriithi, mkuu wa kijiji, ambaye marehemu mumewe aliwahi kumlipia karo ya shule. Muriithi alimsikiliza bila kumkaribisha kiti. Mwishowe akasema kwamba serikali inahesabu futi, haihesabu vichwa. Ila siku moja wakipungua hata kiganja, wote watatu watarudi kazini, na yeye asiombwe tena hisani.

Wakaanza kujibana. Chumvi waliiacha. Mafuta ya taa waliyaacha, watoto wakazoea kulala na kuku, ingawa kuku wenyewe walikuwa wameshaliwa na homugadi. Ciakuthii aliuza blanketi lake la harusi akanunua gunia la mahindi, akalipima kwa kikombe: wachimbaji vikombe viwili, Kathambi kimoja na nusu, Cicily na Munyi, mtoto mkubwa wa Kathambi, nusu nusu. Kwa hesabu yake gunia lingewafikisha mavuno.

Futi sita ni nyingi. Wiki ya kwanza Teresia alihisi kana kwamba mgongo wake ni wa mtu mwingine aliyemwazima. Wenzao walipomaliza futi zao saa tisa, walipewa saa moja, chini ya ulinzi wa bunduki, kukimbilia mashamba yao ya zamani kuchimbua chochote cha kula. Teresia na mama yake hawakuipata saa hiyo hata siku moja. Jua lilitua wangali ndani ya shimo. Lakini walipofika nyumbani moto ulikuwa unawaka, watoto wameoga, Koome anacheka. Mara nyingine kando ya mahindi kulikuwa na nduma, au majani ya viazi. Teresia alikula. Hakuuliza zilikotoka.

Wiki ya tano, mchana, jiwe liliporomoka kutoka ukingoni likauponda mkono wake wa kulia. Msimamizi alipoona damu inavyomwagika alimfukuza aende akafungwe kitambaa. Teresia aliuzungushia mkono leso, akaelekea kwanza nyumbani, kwa sababu ndiko kwenye mtu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka nje.

Ndani Koome alikuwa analia kilio kile cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka. Teresia hakuweza kulifungua fundo kwa mkono mmoja. Alilikata kwa meno, akaingia. Cicily alikuwa kaketi kwenye kona, kamkumbatia Koome kwa mikono miwili, Munyi kajificha nyuma yake.

"Mama Munyi amekwenda shamba," Cicily alisema. "Amesema tusiguse moto. Hatujagusa."

Kathambi alirudi baada ya saa kumi, nyuma ya wanawake waliopewa saa ya shamba, kikapu kichwani, akihema. Alipomwona wifi yake mlangoni mikono ilimlegea, nduma zikabingirika uani.

"Kila siku?" Teresia aliuliza.

"Si kila siku."

"Tunavunjika migongo ili mlango huu usifungwe, nawe unaufunga!"

"Gunia liliisha wiki ya tatu, wifi." Kathambi hakupaza sauti. "Panya walitoboa chini. Nilimficha mama. Mngepunguza vikombe vyenu, na mkila kidogo hamfiki futi sita, na msipofika futi sita sote tunarudi. Ningefanya nini? Ulikuwa unakula nduma. Ulidhani zinaota chini ya kitanda?"

Teresia aliinua mkono mzuri ampige. Haukushuka. Kwa kweli alikuwa amejua. Hakujua jinsi ilivyokuwa, lakini tangu zile nduma za kwanza alijua kwamba kuna swali la kuuliza, na njaa ikamnyamazisha.

Ciakuthii aliporudi na kuambiwa, aliliegemeza jembe ukutani. Kisha akasema, "Nilipima ardhi vizuri. Tumbo ndilo sikulipima."

Kesho yake dresa wa zahanati, kijana aliyekuwa na haraka siku zote, aliosha jeraha la Teresia, akafunga vidole viwili vilivyovunjika, akamwandikia karatasi: asiguse jembe kwa wiki mbili. Muriithi aliisoma mara mbili. Aliyeandikiwa na dresa hakupimiwa futi.

Ciakuthii alikuwa wa kwanza kuliona jambo lenyewe. Kwa karatasi ile nyumba yao ilidaiwa futi nane tu. Yeye na Kathambi wangechimba nne nne, wamalize saa tisa, wapate saa ya shamba. Teresia angebaki na watoto bila mtu kumlipia hata futi moja. Koome angenyonya alfajiri na jioni, mchana apewe uji. Yote waliyoshindwa kuyapata kwa kujinyima chumvi, jiwe liliwapa mara moja.

Wiki mbili hizo Teresia alijifunza kazi ambayo alikuwa akiigharamia bila kuijua. Alijua sasa kwamba Koome hulia kwa namna tatu, na kwamba Munyi akinyamaza sana ana homa. Siku ya nane Cicily, ambaye tangu kifo cha Njagi alikuwa hasemi ila akiulizwa, alimwomba amsimulie hadithi ya fisi. Majirani walioona moshi mchana walianza kuwasukumia watoto wao uani asubuhi kwa siri, wakiondoka bila kugeuka nyuma. Hakuwafukuza. Katika mwezi ule watoto wanne walizikwa kijijini. Hakuna aliyetoka uani kwake.

Siku ya kumi na nne dresa alifungua kitambaa akatabasamu. "Unapona vizuri. Wiki moja tu zaidi, kisha utarudi kwa wenzako."

Teresia alishukuru, akarudi nyumbani polepole. Aliwapa watoto uji, akangoja walale usingizi wa adhuhuri. Aliwatazama wamepangana kwenye ngozi, Cicily kamfunika Koome kwa mkono. Kisha akakifungua kitambaa, akachota udongo wa sakafuni, akautia kwenye jeraha, akalifunga tena jinsi dresa alivyolifunga. Hakulia. Aliona kama anaweka mbegu.

Wiki iliyofuata dresa alikunja uso, akaandika wiki mbili nyingine. Na baadaye mbili tena.

Ciakuthii ndiye aliyenusa. Walikuwa wanamenya nduma pamoja jioni mvua ikinyesha, akasita, akaweka kisu chini.

"Mkono huo unanuka, Teresia."

"Dresa anaujua."

"Dresa anaandika tu. Mimi ndiye niliyekuzaa. Fungua."

Ciakuthii aliusogeza mkono karibu na moto. Alitazama udongo ulioganda kati ya vidole vyeusi, akatazama sakafu, akaelewa.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Ni vidole, mama," Teresia alisema. Alikuwa na homa kali, sauti ikimtoka kama ya mlevi. "Njagi alikuwa mtoto mzima."

Ciakuthii alijifunika uso kwa upindo wa nguo. Kisha akatoka, mvua ikimpiga, akapiga magoti kwenye tope mbele ya mlango wa Muriithi, mwanamke wa umri ule mbele ya mtu aliyewahi kulishwa jikoni mwake, akaomba karatasi ya kutoka kijijini. Hakusimama mpaka Muriithi, kwa aibu au kwa kuogopa watu waliokuwa wanatazama, akaiandika.

Hospitali ya Embu ilimkata vidole vitatu na sehemu ya kiganja. Daktari alisema angechelewa siku tatu angepoteza mkono mzima, au maisha. Aliuliza kwa mkalimani jinsi jeraha dogo lilivyofikia hapo. Teresia akajibu kwamba nyumba zao zina vumbi. Alikaa huko siku kumi na tisa. Siku hizo zote futi zilipimwa na milango ikafungwa kwa kamba. Kila jioni alimuuliza mpishi wa wodi, aliyetoka upande wao, kama amesikia habari za msiba. Hakusikia.

Alirudi na karatasi yenye muhuri: hawezi kazi ya mikono, daima.

Watoto walikuwa hai. Munyi alikuwa amekonda, Koome ana kikohozi. Kathambi aliupokea mzigo mdogo wa Teresia langoni, akatembea naye hadi uani. Huko ndiko alikosimama.

"Mama ameniambia. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa! Ningekushika mikono yote miwili usiku kucha." Akaanza kulia kwa hasira, akimpiga wifi yake begani kwa ngumi, si kwa nguvu. "Sasa nitakulipa na nini? Niambie. Nitakulipa na nini?"

Teresia aliuliza kama Koome amekula.

Handaki lilichukua miezi saba mingine kumalizika. Kivuti hakurudi mwaka ule wala uliofuata. Ciakuthii alichimba mpaka siku ya mwisho, na baada ya hapo hakunyooka tena vizuri. Lakini katika nyumba ile, baada ya Njagi, hakuna mwingine aliyezikwa.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kwa Teresia, filimbi ilipolia, Kathambi alimnyonyesha Koome kwa haraka, akamweka mapajani mwa shangazi yake, akachukua jembe na kumfuata mama mkwe wake. Mtoto akaanza kulia. Teresia alimpandisha mgongoni, akainama, akaizungusha leso kwa mkono wa kushoto. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu akaibana ncha moja kwa meno, akavuta nyingine, likashika. Akajinyoosha taratibu kuona kama mtoto atateleza. Hakuteleza. Basi akaenda kuchochea moto, maana uji ulikuwa bado haujabandikwa.