Kijiti cha Kumi na Mbili

Orval Tiffin alivaa kizibao chake cha kuwindia, cha rangi ya chungwa, kwenda mkutanoni. Lavonne, binti yake, alimtazama akiwa mlangoni, ameshika ule mtungi mdogo wa oksijeni.

"Baba, leo hatuendi porini. Tunaenda kukaa kwenye viti."

"Ndiyo maana nimevaa. Porini watu wanaangalia kwanza ndipo wanafyatua."

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la machimbo, na daktari alishamwambia, kwa ile sauti ya upole ya madaktari, kwamba vuli inayokuja huenda ikawa ya mwisho kwake kutoka na bunduki. Mzee hakutaka makubwa. Alitaka jike mmoja tu wa elki, wale kulungu wenye mwili kama wa farasi, ampige pale Tambarare ya Cutler, kwenye ardhi ya umma, kama alivyofanya kila Novemba tangu Lavonne hajazaliwa. Theluji ikianza kuanguka kwenye vilele, majike hushuka mpaka pale, na njia ya zamani ya magari ya magogo inaifikisha pikapu karibu kabisa. Kutoka kwenye pikapu ni hatua hamsini. Hamsini alikuwa bado anaziweza. Madume hukaa juu, na huko juu hakupanda tena.

Sasa tume ya wanyamapori ya jimbo ilitaka kubadilisha sheria. Katika eneo lao, majike wasiwindwe tena kwenye ardhi ya umma. Anayetaka jike akawinde kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Na ardhi yote ya chini, kuanzia uzio wa tambarare mpaka mtoni, ilikuwa ya mtu mmoja, Royce Haldane, ambaye kila vuli alipokea wageni wa kuwinda kutoka miji ya mbali.

Lavonne alikuwa mpishi wa shule, na mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule hiyohiyo, Jumamosi asubuhi. Viti vilikuwa vimejaa. Makamishna watano walikaa nyuma ya meza ndefu chini ya goli la mpira wa kikapu. Mbele yao palikuwa na kipaza sauti, na taa ya kijani ambayo ikigeuka nyekundu dakika zako tatu zimekwisha. Lavonne aliandika jina lake kwenye kadi ya wasemaji akaikabidhi. Maneno yake alikuwa ameyaandika nyuma ya karatasi ya menyu, kuhusu baba yake na zile hatua hamsini.

Mabadiliko ya sheria ya kulungu wadogo yalipita bila kelele. Msimu ulipunguzwa wiki moja, watu wakanung'unika, basi. Kisha mtaalamu wa wanyama wa tume, dada mmoja kijana mwenye suruali ya kaki, akawasha projekta.

"Idadi ya elki si mbaya," alisema. "Tatizo letu ni vijiti."

Huko kwao kijiti ni dume mchanga, ambaye pembe zake bado ni vijiti viwili vilivyonyooka, havijagawanyika. Sheria inakataza kumpiga. Anaachwa akue. Lakini kwa mbali, kwenye theluji, pembe zikiwa fupi kuliko masikio, hutamtofautisha na jike mpaka umemfikia.

"Mwaka jana, kwenye ardhi ya umma katika eneo hili, vijiti kumi na mmoja walipigwa na watu waliokuwa wanawinda majike," alisema yule dada, na namba ikatokea ukutani, kubwa, nyekundu. "Kwenye ardhi ya watu binafsi, sifuri."

Lavonne alihisi mkono wa baba yake ukimshika goti.

"Mmoja wa hao ni mimi," Orval alinong'ona.

Kama vile Lavonne alihitaji kuambiwa. Alikuwepo. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, Novemba iliyopita, baba yake alifyatua risasi moja na elki akaenda chini papo hapo. Walipomfikia, Orval akainama, akapitisha vidole nyuma ya sikio. Lavonne akaviona vile vipembe viwili, vyembamba kama penseli.

"Baba, tumchune tuondoke," alisema. "Tukikata kichwa tukakiacha hapa kunguru watamaliza. Hakuna aliyetuona."

"Kwani sisi ni vipofu?"

"Watakuchukulia nyama yote."

"Waichukue. Nipe simu."

Bwana nyama wa wilaya, Lonny Baca, alifika baada ya saa moja. Aliandika karatasi, akapakia nyama kwenda jiko la nyumba ya wazee ya kanisa, kisha akampa Orval mkono. "Wote wangekuwa kama wewe, Mzee Tiffin, mimi ningekosa kazi." Orval alirudi nyumbani mikono mitupu, na majira yale ya baridi walikula kuku wa dukani. Lakini alitembea wima. Hata dukani alisimulia mwenyewe, akijicheka, kabla mtu hajamsimulia.

"Lavonne Tiffin," mwenyekiti aliita. "Dakika tatu."

Lavonne alikwenda kwenye kipaza sauti. Karatasi ya menyu aliikunja, akaitia mfukoni.

"Nina swali kwa dada mtaalamu. Hao kumi na mmoja mliwajuaje?"

"Waliripotiwa."

"Na nani?"

Yule dada akapekua karatasi zake. "Waliripotiwa na... wawindaji wenyewe. Wote walijitaja."

"Na kwenye ranchi?"

"Kule hakuna aliyejitaja."

Ukumbi ukacheka. Dub Farley, fundi matairi, ambaye hajawahi kunyamaza mkutanoni, akapaza sauti kutoka nyuma, "Wageni wa Royce wana macho ya mwewe! Wanamwona kijiti mpaka na umri wake!"

"Kwa hiyo," Lavonne alisema, "waliosema ukweli mmewahesabu makosa. Walionyamaza mmewahesabu usafi. Baba yangu yule pale, mwenye kizibao. Alipiga simu mwenyewe, kwa mkono wake. Sasa mnachukua simu yake mnamfungia nayo mlango."

"Bibie, tunaelewa uchungu wako," mwenyekiti alisema. Alikuwa mtu mwenye sura ya wema, na hicho ndicho kilichomuudhi Lavonne zaidi. "Lakini tunafanya kazi kwa takwimu tulizonazo. Hatuwezi kuhesabu kitu ambacho hakikuripotiwa."

"Basi nendeni mkaangalie! Ule uzio una geti!"

"Kuingia ranchi ya mtu kunahitaji ruhusa yake."

"Hata ninyi?"

Taa ikageuka nyekundu. Lavonne alisimama pale kidogo akiitazama, kisha akarudi kwenye kiti. Zile hatua hamsini hakuzitaja kabisa.

Makamishna walipiga kura. Wanne waliafiki, mmoja alikataa. Kisha mwenyekiti akaegemea kipaza sauti chake.

"Kabla hatujaendelea, nataka tuwashukuru wale kumi na mmoja. Uwindaji wa jimbo letu unasimama juu ya watu wa namna hiyo. Tuwapigie makofi."

Wakapiga. Ukumbi mzima ulipiga makofi, hata waliokuwa wamekasirika, kwa sababu hawakujua la kufanya na mikono yao. Wengine waligeuka kumtazama Orval, na mama mmoja wa kwaya akamfanyia ishara ainuke. Orval hakuinuka. Alitazama sakafu, mistari ya rangi ya uwanja wa mpira, mpaka makofi yakaisha.

Nje, kwenye maegesho, Haldane aliwasubiri kando ya pikapu yao, amevua kofia. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa amesoma darasa moja na Lavonne.

"Mzee Orval, kwangu usihangaike na ruhusa. Nitakuandikia mwenyewe. Uje wiki ya mwisho, wageni wakishaondoka."

"Wageni wakishaondoka na elki nao watakuwa wameshaondoka, Royce."

"Mmoja wawili hawakosekani."

"Nilikata majani kwenye shamba la baba yako majira kumi na manne. Aliniambia niwinde popote ninapoweza kutembea. Hakuniandikia kitu."

"Zamani hizo, Mzee. Sasa kuna mawakili, kuna bima."

"Najua." Orval aliingia garini polepole, akavuta pumzi yake ya mtungini, akashusha kioo. "Asante. Ruhusa nilikuwa nayo. Mmeichukua humo ndani sasa hivi."

Novemba ilipofika alinunua kibali cha dume, kama kila mwaka, ingawa alijua hatapanda kumfuata. Alinoa kisu. Siku ya kwanza yenye theluji nzuri alimwambia Lavonne ampeleke Tambarare ya Cutler.

"Kufanya nini, Baba?"

"Kuangalia. Kuangalia hawajakukataza bado."

Walikaa ndani ya pikapu, chupa ya kahawa katikati yao, darubini ikipita mkono huu na mkono ule. Majike walikuwepo. Walitokea kwenye misonobari, ishirini na zaidi, wakapita mbele yao bila haraka, pumzi zao zikifuka. Hatua hamsini. Orval aliwahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti, na hakuna aliyeigusa. Elki wakashuka, wakaruka uzio, wakaingia kwa Haldane, ambako majani ya ng'ombe yalikuwa yamemwagwa kwenye theluji.

Haikupita robo saa, milio ya bunduki ikasikika. Mitatu, minne, ya kupapia. Kundi likarudi juu mbio, likaruka uzio tena, na mmoja wa nyuma akaruka vibaya. Alijikokota mpaka karibu na pikapu yao, akapiga magoti, akalala. Theluji ikawa nyekundu pembeni mwake.

Orval alikuwa ameshafungua mlango. Alitembea, mtungi begani, Lavonne nyuma yake, mpaka alipomfikia. Akapiga magoti kwenye ile theluji nyekundu. Akapitisha vidole nyuma ya sikio.

"Kijiti," alisema.

Kule kwenye uzio watu watatu walikuwa wamesimama, wawili na vizibao vipya, wa tatu kiongozi wao. Mmoja alitazama kwa darubini. Wakazungumza. Kiongozi akatazama upande wa pikapu, akainua mkono kidogo, kama mtu anayesalimia jirani, kisha wakageuka wakaenda zao.

"Washenzi," Lavonne alisema. Alikuwa ameshatoa simu, kwa furaha mbaya. "Safari hii tunao. Nampigia Lonny. Aje aone, afuate damu mpaka kule kwao. Tuone hiyo sifuri yao!"

"Ngoja."

"Ningoje nini, Baba? Watakana wakipata nafasi!"

"Watakana hata wasipoipata. Watatu wale, sisi wawili. Watasema walikuwa wanapiga shabaha." Orval alisimama kwa shida, akamshika Lavonne bega. "Amefia upande gani?"

Lavonne alitazama uzio. Alitazama theluji waliyosimama juu yake.

"Upande wetu," alisema.

"Ardhi ya umma."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi wataandika ni wetu. Huyu ni wa kumi na mbili."

Walisimama pale. Kunguru wa kwanza alikuwa ameshatua kwenye msonobari. Lavonne alimtazama baba yake, akingoja aseme nipe simu, kama alivyosema mwaka jana. Orval alikuwa anakitazama kisu kiunoni mwake. Maisha yake yote hakuwahi kuacha nyama porini. Alimwachisha mkwe wake wa kwanza uwindaji kwa sababu ya paja moja lililoachwa lioze.

"Usipige," alisema. "Twende."

Walipofika barabara kuu, bwana nyama alikuwa ameweka kituo chake cha ukaguzi, koni mbili na meza ya kukunja. Kila anayetoka kuwinda lazima asimame pale, awe amepata au amekosa. Lonny Baca alikuja dirishani na fomu yake, pua nyekundu kwa baridi.

"Mzee Tiffin! Umeamua kutoka hata hivyo. Haya, mmepata?"

"Hapana."

"Mmeona chochote cha kuripoti? Mnyama aliyejeruhiwa, aliyekufa?"

Lavonne aliangalia usukani. Wala hakumgeukia baba yake. Alisikia tu mtungi ukitoa ule mlio wake mdogo, mara moja, mara mbili.

"Hatujaona kitu," Orval alisema.

Bwana nyama hakuangalia nyuma ya pikapu. Hakuangalia theluji nyekundu kwenye magoti ya suruali ya mzee. Kwa mtu mwingine angeangalia. Akaandika sifuri, akagonga paa la gari mara mbili kwa kiganja, akawaruhusu wapite.